Nyama Chini ya Wali

Machi 3

Themanini. Hiyo ndiyo namba niliyorudi nayo kutoka Mombasa. Daktari wa figo hakuzungukazunguka. "Mama, damu yako na ya ndugu yako zinaoana vizuri. Presha iko sawa, sukari iko sawa. Lakini una kilo themanini na tisa. Shuka mpaka themanini kufikia mwisho wa Mei, tuwafanyie operesheni mwezi wa Juni. Usiposhuka, siwezi kukupasua, nitakuwa nakuhatarisha."

Nikamuuliza kama tisa hizo haziwezi kuwa za nguo na viatu. Hakucheka.

Crispus ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Figo zake zote mbili zilikufa mwaka juzi kwa presha ambayo hakuna mtu alijua anayo, na tangu hapo anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki hapa Voi. Mishipa ya mkono inachoka. Tukikosa nafasi ya Juni tunarudi nyuma ya foleni, na daktari hakutaka kusema foleni hiyo ina urefu gani. Sylus, mume wangu, alishakubali nimpe Crispus figo moja, ingawa alikubali akiangalia ukuta. Aliyebaki ni Crispus mwenyewe. Lazima atie sahihi, na alishasema mbele yetu sote kwamba hataki kiungo cha mtu wa nyumba hii ndani ya mwili wake. Kwa hivyo hajaambiwa. Tumepatana na Mama: kwanza nishuke, halafu tumwendee jambo likiwa limeiva.

Sasa nishukie wapi mimi? Kazi yangu ni kuandaa mafunzo ya wakulima msimu mzima wa mvua. Mafunzo ni hoteli, na hoteli ni bufee. Na mpishi wa hiyo bufee ni Crispus.

Machi 6

Shanice, binti yangu, ameniwekea kwa simu ile programu ya kuhesabu kalori. Nikaandika kimanga, mihogo yetu iliyopondwa na maharagwe. Ikajibu kwamba chakula hicho hakipo. Basi nimekula kitu kisichokuwepo, sahani mbili.

Machi 11

Mafunzo ya kwanza. Wakulima wa Wusi walifika mapema. Wa Salaita walichelewa kwa sababu ya ndovu, wakaingia moja kwa moja kwenye chai ya saa nne. Chai ya saa nne siku hizi si chai. Ni nduma, viazi vitamu, mandazi, sambusa, soseji na mayai, halafu ndiyo hiyo chai yenyewe, ya maziwa, na sukari wameshatia, utadhani hakuna mtu anayekunywa bila. Nikachukua kipande kimoja cha nduma. Obadiah, mkubwa wetu kwenye mradi, akaniangalia kwa huruma.

"Wakio, uko mgonjwa?"

"Niko sawa."

"Basi kula. Hii yote imeshalipiwa."

Imeshalipiwa. Neno hilo limenenepesha watu wengi katika kaunti hii kuliko mafuta ya kupikia.

Mchana ndio ulionimaliza. Kwenye bufee zetu, wali, chapati, mboga, yote hayo unajipakulia vile roho yako inapenda. Nyama ndiyo hujipakulii. Nyama ina mlinzi. Anasimama hapo na kofia nyeupe na upawa, anakuwekea kipande kimoja, na ukiendelea kusimama ukimwangalia anakwambia songa. Sasa ukiwa na ndugu pale kwenye nyama, kila mtu anajua mambo yanavyokwenda. Kipande cha juu ni cha kuonekana na meneja. Cha undugu kinazikwa chini ya wali.

Nilikuwa nimejipanga vizuri. Kabichi nusu sahani, kachumbari, wali kijiko kimoja, vile programu ya Shanice inavyotaka. Nikamwambia Crispus anipe samaki mdogo. Akachukua sahani mkononi mwangu, akageuka kidogo kama mtu anayetafuta samaki mzuri, akaongeza na wali, akanirudishia.

"Songa, dada, wengine wanangoja."

Kukaa, kuchoma uma, nikakuta paja la kuku. Chini ya paja, mbavu za mbuzi.

Na siwezi kuziacha. Meneja wa hoteli husimama pale sahani zinaporudi. Akiona nyama tatu kwenye sahani ya mtu aliyestahili moja, ataanza kuuliza ni nani alipakua, na Crispus akipoteza kazi anapoteza bima inayolipia mashine. Siwezi pia kufunga kwa karatasi nitie mkobani, mbele ya wakulima ninaowafundisha. Nikamsukumia Tryphena, tunayekaa naye ofisi moja. Huyo hula chapati nne na bado hununua nguo za watoto wa shule. Akachukua paja. Mbavu akakataa, ati zina mafuta.

Nikala mbavu. Nimekasirika mpaka sasa, na zilikuwa tamu, na hilo pia limenikasirisha.

Machi 12

Tena. Paja na maini.

Machi 18

Mizani ya duka la dawa inasema tisini. Wiki mbili za njaa na nimepanda.

Machi 25

Mvua imeanza huko juu milimani. Nilikwenda Mwanda kumwona Mama, nikakuta ameshapika. Kimanga, kuku, maharagwe ya nazi, chai. Nikamwambia, "Mama, wewe unajua kabisa ninachokitafuta. Wewe mwenyewe ulikuwa unalia kwa simu."

"Najua. Kwani mtu anatolewa figo akiwa na njaa? Mtu wa kutoa kitu mwilini anashibishwa kwanza. Ukifika huko mkavu, hiyo figo itafanya kazi gani?"

Nikamweleza habari ya kisu, usingizi wa hospitali, mafuta tumboni, hatari. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akaniongezea kimanga. Nilipomuuliza kama Crispus ameshuku chochote, akasema hapana, akaenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Wanawake watatu wa kanisa walinisimamisha njiani kuteremka. Wamesikia nimeacha kula. Wananiombea.

Aprili 5

Harusi Wusi. Nilikuwa nimeshika sahani yangu ya mboga, nimeridhika, mpaka shangazi mmoja akaichukua akaenda kuimwagia pilau. Ati mtu wa ofisi hawezi kuonekana anakula kabichi kwa harusi yao, watu watasema hawakuwa na kitu. Nikila ninaua mdogo wangu, nisipokula ninaaibisha ukoo. Hebu mtu aniambie ninaruhusiwa kukosea wapi.

Aprili 9

Nimetumia akili. Nimechukua sahani ndogo, ile ya matunda, nikaanzia upande wa saladi, nikaruka nyama kabisa, nikaenda kukaa mbali nikiwa nimeipa meza ya bufee mgongo. Tikiti maji, matango, yai moja. Nikajiona mshindi.

Haikupita muda, mhudumu akaja na sahani kubwa imefunikwa. "Mpishi amesema umesahau chakula chako."

Sijawahi kusahau chakula maisha yangu yote. Ndiyo shida yenyewe.

Aprili 14

Themanini na saba. Asante, malaria. Ilinilaza siku nne na kunifanyia kazi ambayo nimeshindwa kuifanya mwezi mzima.

Aprili 16

Leo nimezunguka nyuma ya jikoni baada ya watu kula. Vipande vilikuwa vitatu, vya kuzikwa tu, bila kuhesabu cha juu. Nilitaka kumaliza haya mambo.

Crispus alikuwa anaonja supu ya jioni. Huwa anaionja kwa ulimi halafu anaitema kwenye sinki, kwa sababu chumvi hairuhusiwi kwake, wala supu yenyewe. Hata maji anapimiwa, kwa joto hili la Voi. Alikuwa na kipande cha barafu shavuni, hiyo ndiyo namna yake ya kukata kiu. Mtu anayepikia watu mia na hawezi kula robo ya anachopika. Kumwona hivyo hasira yangu ilitaka kulegea, nikaishika.

"Crispus, wacha kunizikia nyama."

"Nyama gani?"

"Usinifanye mjinga."

"Sasa ndugu yako akikulisha unakuja kumshtaki jikoni kwake?"

"Daktari ameniambia nipunguze."

"Mpaka themanini," akasema, akafunika sufuria.

Nikabaki nimesimama pale. Feni ya ukutani inazunguka, mtu anaosha vyombo.

"Nani amekuambia?"

"Mama. Hata kabla hujapanda gari kurudi kutoka Mombasa. Mama hawezi kuficha hata bei ya sukari, wewe ukampa jambo kama hilo."

"Kwa hivyo wakati wote huu."

"Wakati wote huu." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa na ile njano ya siku moja kabla ya mashine. "Ningekwambia hapana, ungeniletea Mama, ungeniletea mchungaji, mngenikalisha chini mpaka niseme ndiyo. Nakujua, dada. Kwa hivyo nikaona niseme hapana kwa upawa."

Nilitaka kumpiga na lile sufuria. Wiki sita. Wiki sita nimelala nikisikia tumbo linanguruma, nimetafuna matango kama mbuzi, nimejiona mlafi asiye na roho ya kumsaidia ndugu yake. Kumbe mtu amekaa anapanga. Anachagua mapaja manono. Nikamwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika. Mwosha vyombo akatoka nje kwa heshima.

Crispus alingoja nimalize. Kisha akasema polepole, "Una Shanice. Una Sylus. Hiyo figo moja utakayobaki nayo ikishindwa, utamwomba nani akupe? Mimi?"

Swali hilo ndilo lililoniudhi kuliko mapaja yote. Nikamwambia tu kwamba figo ni yangu, mwili ni wangu, na yeye hana ruhusa ya kunikatalia kwa mlango wa nyuma. Akasema upawa ni wake.

Nikaondoka bila kuaga.

Aprili 17

Nimempigia Mama. Amesema alidhani ilikuwa siri ya kuwaficha majirani.

Aprili 23

Nimebeba chakula changu kutoka nyumbani, sukuma na githeri kidogo kwa kontena. Meneja akaja mbio. Chakula cha nje hakiruhusiwi hotelini. Obadiah akaniita pembeni, akarudia yale yale ya imeshalipiwa. Nikakaa na chai kavu mpaka saa kumi. Crispus alinitazama kutoka kwenye nyama. Hatujasalimiana tangu siku ile.

Aprili 29

Themanini na tano. Hasira inapunguza mwili kuliko matango.

Mei 2

Mvua. Mjomba wetu wa Mwanda amefariki. Kuna mafunzo, kwa hivyo sikwenda kumzika. Crispus amepanda peke yake leo Jumamosi kwa mazishi, na Jumatatu asubuhi ana mashine.

Mei 4

Kipande cha mlima kimeanguka juu ya barabara. Hakuna gari linalopanda wala kuteremka. Simu ya Crispus haipatikani, ya Mama inaita bila kujibiwa. Mashine ya leo imempita.

Mei 5

Mvua. Bado.

Mei 6

Ameshuka. Yuko kwenye mashine, ninaandika nikiwa kwenye benchi la nje.

Asubuhi nilikodi gari mpaka pale tope lilipofunika barabara. Upande wa pili nikaona wanaume wa Mwanda wanakuja wamembeba kwa blanketi, wawili mbele, wawili nyuma, tope la magoti. Sikumtambua. Uso ulikuwa umefura, macho yamekuwa mistari, miguu haikuwa ya mtu. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na amelala tu. Nilimshika mkono, alama za vidole vyangu zikabaki kwenye ngozi. Niliogopa. Miezi hii yote nimeichukulia Juni kama tarehe ya kazi, kitu cha kufikia au kukosa, na leo nimekiona kinachongoja upande wa pili nikikosa.

Ndani ya gari alilaza kichwa kwenye paja langu. Nikataka kumuuliza kwa nini hakuondoka mara tu baada ya mazishi, lakini alianza yeye.

"Walinilisha, dada."

"Nani?"

"Wote. Shangazi, majirani, wale mama wa kanisa. Nimetoka Voi, mimi mgonjwa, mvua inanyesha. Supu. Chai. Ndizi mbivu. Maharagwe. Nikasema siruhusiwi. Wakasema kidogo tu." Alivuta pumzi. "Nikakataa ndizi, shangazi akalia. Akasema mjomba ndiye aliyezipanda."

Ndizi, maharagwe, supu. Kila kitu alichokatazwa na daktari kwa jina, kimepangwa mbele yake na watu wanaompenda. Na mashine iko Voi, mlima umelala barabarani.

"Ukala."

"Ningefanyaje? Walikuwa wamenisimamia. Hawakuwa na ubaya wowote." Akafunga macho. "Huwezi kupigana na mtu anayekupenda akiwa ameshika upawa."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu Aprili, yamepangwa. Nikayaangalia yale macho, nikasema tu, "Sasa umejua."

Aliomba maji, nikamnyima, kwa sababu lazima, na kumnyima huko kuliniuma kuliko njaa yangu yote. Nikamlowanisha midomo kwa kitambaa mpaka Voi.

Muuguzi anasema tungechelewa mpaka kesho tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Mei 7

Ameamka. Ameuliza kama mafunzo ya Alhamisi ijayo yana pilau au wali mweupe. Hatukuzungumza lingine. Sikumuuliza, sitamwomba tena. Nimechoka kumbembeleza mtu ili nimpe kitu.

Mei 13

Themanini na tatu.

Mei 20

Themanini na moja na nusu. Sketi yangu ya kazini inazunguka yenyewe, zipu imekuja mbele. Wale wanawake wa kanisa wamenitumia ujumbe kwamba wameongeza siku za maombi.

Mei 26

Mama amepiga simu. Barabara imefunguliwa na anataka kuniletea kimanga. Nikamwambia akileta nitalala chini nilie kama mtoto. Akasema basi ataleta mchicha. Nikamuuliza kama Crispus amemwambia lolote. Hajamwambia. Jumatatu naenda Mombasa kwenye mizani, na bila ile sahihi hata nikifika na kilo hamsini ni kazi bure.

Mei 28

Mafunzo ya mwisho ya msimu. Obadiah alitoa hotuba, wakulima wa Salaita wakaimba, mvua ikanyesha kidogo kisha ikakumbuka kwamba hapa ni Voi ikaacha.

Mchana nikapanga foleni kama kila mtu. Crispus amerudi kazini, mwembamba, kofia imekuwa kubwa kwake. Nilikuwa na kabichi nusu sahani, kachumbari, wali kijiko kimoja. Nikafika kwenye nyama nikasema, "Samaki mdogo."

Akachukua sahani yangu. Akageuka, vile vile kama siku zote, mgongo kwa meneja, mikono isionekane. Nikajiambia, basi, hilo ndilo jibu. Akaongeza kitu kwa kijiko, akasawazisha, akanirudishia. Hakuniangalia.

"Songa, dada, wengine wanangoja."

Nikakaa karibu na Tryphena, ambaye alishaandaa uma wake kupokea urithi. Nikachoma wali. Wali. Nikasukuma samaki pembeni, nikafukua mpaka nikaona maua ya sahani. Alichoongeza kilikuwa kabichi. Nikafukua upande wa pili, kabichi tena. Hakuwa ameweka hata mfupa.

Nikainua macho. Alikuwa anampakulia mzee wa Wusi, kipande kimoja, na mzee anaendelea kusimama. Crispus akamwambia asonge. Halafu akanitazama juu ya vichwa vya foleni nzima, na akasubiri, akitaka kuona kama nimefika chini.

Sikuona vizuri baada ya hapo. Nikachukua kitambaa cha karatasi nikajifuta, nikaanza kula, kabichi yote, kijiko kwa kijiko.

Tryphena akainama kuchungulia sahani yangu. "Leo hakuna kitu chini?"

"Hakuna."

"Woi. Bado amekukasirikia?"

"Hapana," nikamwambia. "Amekubali."